Mjadala: Mwanafunzi wa wani akilalamikia matokeo yake, kosa lake nini?

Wakuu, heshima zenu. Nina jambo naomba tulijadili kwa utulivu, na nasema mapema niko upande gani, mtu asije akadhani nimekuja kuuliza tu. Naamini mwanafunzi aliyefaulu vizuri, hata akiwa na wani, yaani daraja la kwanza, ana haki ya kulalamikia matokeo yake, na kila tunapomnyamazisha tunajidhuru wenyewe. Najua wengi hamtakubali. Hata ofisini kwetu hawakukubali.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Jiografia kwenye sekondari ya kata, mkoa wa Singida. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka tulijazana walimu sita kwenye simu moja, maana ndiyo pekee iliyokuwa na bando la kutosha siku hiyo. Mtandao ulikuwa mzito, ukurasa wa shule ukachukua muda kufunguka. Mliowahi kuusoma mnaujua. Siku hizi majina hayapo: kuna namba ya mtahiniwa, jinsia, jumla ya pointi, daraja, halafu masomo yote na herufi zake kwenye mstari mmoja. Mimi ndiye mwalimu wa darasa, orodha ya namba na majina ninayo. Wani zilikuwa mbili. Moja ilisomeka F (msichana), 9, I; pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Mistari minne chini yake palisomeka F, 34, 0, yaani ziro, amefeli. Mabinti hao wawili walikaa meza moja miaka yote minne.

Kesho yake saa mbili asubuhi yule wa pointi 9 akaingia ofisini. Hakuvaa sare, alivaa dera na kandambili zilizojaa vumbi, maana kwao ni mbali na alikuja kwa miguu. Akatuamkia wote, shikamooni walimu. Tukaanza kumpongeza, mwenzangu mmoja akapiga na vigelegele. Binti akasubiri tumalize, kisha akasema, "Mwalimu, nina C ya Fizikia na C ya Hisabati."

Ofisi ikanyamaza. Halafu yakaanza. Wewe mtoto vipi? Una wani halafu unalia? Wenzako wana ziro, hawana pa kwenda! Mkuu wa shule, ambaye ni mtu mpole na mcha Mungu, akamwambia, "Mwanangu, usikufuru. Piga goti umshukuru Mungu." Binti akaitikia "ndiyo, Mkuu", akainamisha kichwa.

Nilitoka naye nje, tukasimama chini ya mwembe. Akatoa daftari dogo la kurasa themanini. Ndani alikuwa ameandika mada zote za Fizikia za kidato cha tatu, moja chini ya nyingine: matumizi ya vekta, msuguano, mwanga, vifaa vya kuonea, joto na kupanuka kwa vitu, umeme. Mada aliyofundishwa darasani ameiwekea tiki. Tiki zilikuwa mbili. Mwalimu wetu wa Fizikia alihama mwanzoni mwa mwaka ule, na mwingine hakupatikana mpaka hawa watoto walipokuwa kidato cha nne, mtihani unanukia. Mada zilizobaki alizisoma mwenyewe kwa kitabu cha kuazima, jioni, kwa tochi ya simu ya mama yake. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema, binti yule hakuja kukufuru. Alikuja na ushahidi.

Sasa nielezeni. Anayepata ziro akisema hatukuwa na mwalimu wa Fizikia, tunamjibu nini? Tunamwambia anatafuta kisingizio, mbona fulani amepata wani kwenye darasa hilohilo. Na huyo fulani mwenye wani akisema maneno yaleyale, tunamwambia hana shukrani. Basi nani ana ruhusa ya kusema? Aliyeshindwa hasikilizwi kwa sababu ameshindwa, aliyeshinda hasikilizwi kwa sababu ameshinda. Mwalimu aliyekosekana anabaki amekosekana, na mwaka unaofuata wanaingia watoto wengine kwenye pengo lilelile.

Na tusisahau tulikotoka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro. Mnakumbuka tulichokuwa tunazungumza vijiweni wiki zile? Vijana walioandika mashairi ya Bongo Fleva kwenye karatasi za majibu. Kizazi kimeoza, hawasomi, simu zimewaharibu. Ikabidi Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aunde tume. Mwezi Mei serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya, kwa kuwa mwaka ule utaratibu wa kupanga alama na madaraja ulibadilishwa. Sisemi kila aliyepata ziro mwaka ule alionewa. Nasema hivi: malalamiko yalikuwa na kitu ndani yake, na kitu hicho kilionekana tu kwa sababu waliolia walikuwa wengi mno hata ikashindikana kuwapuuza. Mtoto mmoja wa shule ya kata mwenye C mbili hana wingi huo. Ana daftari lake.

Kuna wenzangu wanasema tatizo ni tamaa, kwamba wani ni wani. Hapa naomba tuende taratibu, maana wazazi wengi hawajui hesabu hii inavyopigwa.

Kidato cha nne tunahesabu masomo saba tu aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Ukiwa na A saba una pointi 7, hakuna zaidi ya hapo, na daraja la kwanza linaishia 17. Binti yetu alifanya masomo tisa: A tano, B mbili, C mbili. Saba bora zikampa 9, na zile C mbili zikaanguka nje ya hesabu. Kwa hiyo sisi tukiangalia tunaona 9. Yeye anaona kilichofichwa na hiyo 9, kwa sababu anachotaka kusoma ni PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), anataka uhandisi wa maji, na Fizikia na Hisabati ndizo zitakazomfikisha huko. Kiswahili changu alichopata A hakitamsaidia sana kupimia bomba, nami sikuona vibaya aliponiambia hivyo.

Halafu kuna herufi yenyewe. A inaanza 75. B ni 65 hadi 74. C ni 45 hadi 64. Angalieni C ilivyo pana: alama ishirini nzima. Aliyepata 64, aliyebakiza alama moja kufika B, na aliyepata 45, aliyeponea chupuchupu, wote wanaandikiwa herufi ileile, na matokeo yanayotolewa ni herufi, alama hazitajwi. Binti aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Mwalimu, nilikosa ngapi?" Hilo mimi siliiti lalamiko la mtu asiye na shukrani. Ni swali la mtu anayetaka kujua amesimama wapi ili apange safari. Kenya wenzetu mtihani wao wa KCSE una madaraja 12 kuanzia A mpaka E, na alama za jumlisha na kutoa katikati, angalau mtoto anajua kama yuko karibu na mlango au mbali. Hata sisi tuliwahi kuwa na B+ kwa muda mfupi, ikaondolewa.

Mtaniambia utaratibu wa rufaa upo. Upo, na ni wa kulipia. Kwa mzazi anayeuza alizeti debe moja moja, mwambie alipe pesa ili karatasi ya mtoto wake mwenye wani iangaliwe tena, uone atakavyokutazama.

Kidato cha sita mambo ni makali zaidi, nayapitia kwa ufupi. Kule yanahesabiwa masomo matatu, na A inaanzia 80. Kijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mwenye B, B na C ana wani ya 7. Mtaani anabebwa juu. Sifa za chini za kuomba udaktari anazo tena na ziada, lakini nafasi hutolewa kwa ushindani, na wanaoomba pamoja naye wengine wana A tatu. Ufadhili wa Samia, wa serikali kwa wanaokwenda chuo kikuu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 nao ni wa waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi. Herufi moja inaweza kuwa tofauti ya kusoma bila deni na kusoma kwa mkopo, au kusomea alichokiota na kusomea kilichobaki. Kijana huyo akilia, analilia kitu kinachoshikika.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Usiku wa siku yale matokeo yalipotoka, kabla binti hajaja ofisini, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa: "C jamani. Nimeharibu kila kitu." Nimo kwenye kundi hilo, niliona ujumbe ukiingia. Haikupita dakika tano, yule rafiki yake wa pointi 34 akatoka kwenye kundi. Bila neno. Kwa msiojua, 34 maana yake ni D moja na F zote zilizobaki. Angepata D ya pili angekuwa na 33, angekuwa daraja la nne. Alikosa D moja. Na usiku huo, mtu aliyekaa naye meza moja miaka minne anaandika kwamba C imeharibu kila kitu.

Nililiona hilo na liliniuma, na nilimwambia binti chini ya mwembe bila kumficha. Akalia kweli, mara hii si kwa sababu ya Fizikia. Kwa hiyo wale mnaosema maneno haya yanaumiza wengine, mna hoja, siipingi. Ila hoja hiyo inahusu mahali pa kusemea. Haimwondolei mtu haki ya kusema. Angekuwa na mahali pengine pa kuyapeleka, asingeyamwaga kundini. Ofisini alipoyaleta tulimfanyaje? Tulimwambia apige goti.

Na wapo pia wanaolia ili waulizwe. Mtu ana A zote, anaweka matokeo yake hadharani na maneno "nimesikitika sana", ili watu mia wamwambie we mkali. Hao nawajua, nimewafundisha. Siwatetei. Ila naomba tusichukue tabia ya hao wachache tukaifanya fimbo ya kuwapigia wote.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalonitisha zaidi. Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne kwenye shule ya bweni ya kulipia, Dar es Salaam. Wani ya 8: A sita na B moja. Baba yake alipopata taarifa, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Ada yote ile, nane?" Kijana akazima simu siku tatu. Dada yangu akanipigia, nikapanda basi. Nilimkuta chumbani pazia limeshushwa, sahani ya wali ya jana iko sakafuni haijaguswa. Akaniambia, "Mjomba, bango nimelikosa." Sikuelewa. Kumbe shule yao hutengeneza bango kubwa la getini lenye picha za waliopata 7, wa 8 hawawekwi. Mtoto alishajiona kwenye bango lile tangu kidato cha kwanza.

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule bora tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023, likisema utaratibu ule hauna tija. Wengi walipiga kelele siku ile, mimi nilifurahi. Lakini mabango hayakushuka. Shule zimejitangazia zenyewe, wazazi tumejipangia orodha zetu wenyewe kwenye vikao vya ukoo na kwenye sherehe za mahafali. Halafu mtoto tuliyemlea namna hiyo, miaka kumi na mmoja akisikia kwamba namba ndiyo yeye, akisikitikia namba tunamshangaa. Tunamuuliza amejifunza wapi.

Tafadhali, mwenye mtoto aliyejifungia chumbani baada ya matokeo, msimwambie aangalie walioko chini yake. Haisaidii. Mpwa wangu niliketi naye sakafuni mpaka adhuhuri, tukala ule wali wa jana tukiwa tumeupasha moto, na nilichofanya ni kusikiliza tu. Jioni alitoka akaenda kunyoa nywele. Baba yake naye tulizungumza, hayo yabaki ya familia.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu ya jana usiku.

Mmoja wenu ameandika kwamba asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru, na kwamba namfundisha mtoto ukaidi. Ndugu yangu, kushukuru na kudai vinakaa ndani ya mtu mmoja. Mama yake binti huyu alikuja shuleni Jumatatu na kuku wawili kutushukuru walimu. Kabla hajaondoka akauliza, kwa sauti ya chini, "Na huyo mwalimu wa Fizikia, sasa hivi yupo wa hawa wadogo?" Wadogo zake wawili wako kidato cha kwanza na cha pili hapahapa. Sikuona ukaidi kwake.

Mwingine, anasema ni mzazi wa Tabora, ameuliza jambo zito zaidi: mwanangu ana ziro, kwa nini mjadala wote uwe wa wenye wani? Mzazi, umenigusa, na nakiri nilivyoanza niliegemea upande mmoja. Nilichotaka kusema ni hiki. Daftari la binti wa 9 lina mada zilezile ambazo binti wa 34 hakufundishwa. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliazima kitabu na alikuwa na mama mwenye simu ya tochi, mwingine baada ya shule alikuwa anauza chapati stendi mpaka saa tatu usiku. Malalamiko ya wa kwanza yakisikilizwa vizuri, ndani yake ya wa pili yamo pia. Tukimnyamazisha wa kwanza, wa pili tumemmaliza kabisa, maana yeye hakuna atakayemwamini.

Mkuu wetu wa shule nimerudi kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili nilimwonyesha lile daftari, akalishika muda mrefu, akafungua ukurasa wenye tiki mbili, akaniuliza kama binti ataruhusu kurasa zile zitolewe nakala ili aziambatishe kwenye barua ya kuomba mwalimu kwa mkurugenzi wa halmashauri. Binti amekubali. Mkuu pia amekubali tuite kikao kidogo, walimu na wahitimu wa mwaka jana watakaotaka kuja, waseme kilichowafika bila mtu kuambiwa apige goti. Yule wa 34 nilimfuata stendi, nikanunua chapati mbili, nikamwambia kuhusu kikao. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza tu kama mwenzake atakuwepo.

Kikao ni Ijumaa ijayo. Walimu mliowahi kuitisha kitu kama hiki shuleni kwenu, nisaidieni: mliwaweka chumba kimoja wenye wani na wenye ziro, au mliwasikiliza mbalimbali kwanza? Na wazazi, wewe ungekuwa mama wa yule wa 34, ungemruhusu aje?